Kutoka Moshi mpaka kambi ya barafu Sikkim, siku kwa siku

Kambi ya Barafu nimelala mara nyingi mpaka hesabu imenipotea. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame wanaijua, ile ya mwisho kabla ya kwenda kileleni, mita 4,673, upepo na mawe matupu. Inaitwa Barafu lakini barafu ya kukanyaga pale hamna, unaiona tu kule juu, ule mto wa barafu wa Rebmann, na kila msimu unaona imepungua. Mi nilianza kama mgumu, nikabeba mizigo miaka minne, nikawa msaidizi wa mpishi, baadae kiongozi msaidizi, asaivi ni kiongozi kamili, na muda wote huo kramponi, ile miiba ya chuma ya chini ya kiatu, sijawahi kufunga mguuni.

Mara ya kwanza kuzifunga ilikuwa Rwenzori. Wageni wetu walimaliza Kilimanjaro wakataka na Margherita, mita 5,109 upande wa Uganda, na kule bila kamba na kramponi na sululu ya barafu huendi. Wenyeji wakanifunga katikati ya kamba pamoja na wageni. Tukiwa tunashuka mgeni aliyekuwa mbele yangu akateleza, kamba ikanivuta, na mi nikasimama vile vile, mikono haijui ifanye nini. Aliyetuzuia ni kijana wa Kikonjo aliyekuwa nyuma, alijitupa chini na sululu yake kabla hata sijaelewa kinachotokea. Hakuna aliyeumia, ila usiku ule sikulala. Kwetu mgeni akipata shida namshika mkono, nampa maji, namshusha, hiyo ndo kazi yangu naijua vizuri, na pale nilikuwa mzigo kama mgeni mwenyewe.

Ndo nikaanza kutafuta pa kujifunza. Nikapata chuo kipo Darjeeling, India, Himalayan Mountaineering Institute, kozi ya msingi ni siku 28 na wanapokea hadi watu wa nje. Kilianzishwa Novemba 1954, mwaka mmoja na nusu baada ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kusimama juu ya Everest tarehe 29 Mei 1953, na Tenzing mwenyewe ndo akawekwa kusimamia mafunzo ya mlimani. Sasa huyu Tenzing safari yake ya kwanza Everest ilikuwa 1935 na alienda kama mbeba mizigo. Mgumu kabisa kama sisi. Niliposoma hapo sikutafuta chuo kingine. Nikaweka akiba misimu miwili, nikachagua Aprili manake huku ni masika na kazi mlimani zinakuwa chache.

Siku ya 1

Kutoka KIA mpaka Bagdogra nimebadilisha ndege mara tatu, sina la kusema zaidi ya kwamba miguu imevimba. Kuanzia Bagdogra ni gari la jeep, barabara inapanda kona baada ya kona kwenye mashamba ya chai, pembeni kuna reli ya kale ile treni ndogo iliyoanza mwaka 1881, inapita mlangoni kwa watu kabisa mtu ananyoosha mkono dirishani anaigusa. Darjeeling ni kama mita 2,000, ukungu na baridi ya Marangu mwezi wa saba. Nimefika usiku, nimepewa chai ya maziwa na tangawizi, nimelala.

Siku ya 2 mpaka ya 6

Siku hizi naziunganisha maana zinafanana. Saa kumi na moja alfajiri filimbi, chai, kukimbia kwenye mlima, uji, halafu kamba na miamba mpaka jioni. Fundo la nane, fundo la kujifunga kiunoni, fundo la prusiki lile linalokaba kamba ukining'inia na kuachia ukilisukuma, unafunga unafungua mpaka unaweza kufanya gizani umevaa glavu. Tumegawanywa makundi, kila kundi linaitwa kamba, na kamba yetu ina watu 7. Mwenzangu wa kitanda cha jirani ni kijana wa Kerala, kwao ni baharini na minazi, theluji hajawahi kuona maisha yake yote, na ndo tumepangwa wawili kwenye mazoezi.

Lugha nilikuwa naiogopa kuliko baridi, manake walimu wengi ni Masherpa, watu wa milima ya Himalaya, na wanafundisha Kihindi kimechanganyika na Kiingereza na Kinepali. Lakini siku ya kwanza darasani mwalimu anaongea anaongea mi simpati, ghafla nasikia "baraf". Nikamuuliza jamaa wa Kerala anasema nini hapo, akanijibu ndo hiyo, maji yaliyoganda. Jamani. Neno ni lile lile! Wao wamelitoa kwa Waajemi na sisi tumelitoa huko huko, limepanda jahazi likashuka pwani yetu mpaka likafika kwenye kambi yetu kule Kibo. Kuanzia hapo nikawa natega sikio, nikapata gari, nikapata chai na chapati, kitabu, hesabu, rangi, dunia, safari. Wakitaka usimame wanasema "bas", basi. Nikajisikia niko kwa ndugu.

Jioni moja nimeenda peke yangu kwenye sanamu ya Tenzing, ipo ndani ya eneo la chuo, na hapo hapo ndo mwili wake ulichomewa kwa desturi yao alipofariki mwaka 1986. Nimesimama muda mrefu. Nilikuwa nawaza wagumu tunaowaona getini Machame kila asubuhi, mzigo unapigwa mzani, kilo 20, jina linaandikwa, anapanda. Wangapi kati yao wangeweza kuwa walimu wa mlima kama mtu angewafundisha.

Siku ya 7, Darjeeling mpaka Yuksom

Siku nzima kwenye gari. Unashuka kwanza mpaka mtoni kwenye joto la ajabu, unaingia jimbo la Sikkim, vibali vinakaguliwa, halafu unaanza kupanda tena. Watu wametapika. Yuksom ni kijiji kidogo, mita 1,780, ila kwao ni mahali pakubwa, ndo mfalme wa kwanza wa Sikkim alitawazwa hapa mwaka 1642 na kiti chake cha mawe bado kipo chini ya miti. Tumeenda kukiona haraka haraka kabla giza halijaingia.

Usiku tumepanga mabegi. Hapa kila mwanafunzi anabeba vyake, nguo, mfuko wa kulalia, kramponi, hanesi ya kujifungia kamba kiunoni, helmeti, sululu, sahani, na sehemu ya vitu vya kundi. Langu limefika kama kilo 20. Vyakula na mahema makubwa vinabebwa na dzo, wale wanyama waliochanganywa yaki na ng'ombe, wanene, wamevalishwa kengele shingoni. Niliponyanyua begi mgongoni mwili umekumbuka. Ni miaka saba sijabeba uzito huo, kiongozi kwetu anabeba kibegi kidogo tu chenye maji na dawa na koti.

Siku ya 8, Yuksom mpaka Tshokha

Kilomita 16 hivi na kupanda zaidi ya mita 1,200. Mwanzo msitu, msitu kwelikweli, unyevu, mimea kama ndevu inaning'inia kwenye matawi, nimeona kama nipo chini ya kambi ya Machame vile, mpaka harufu ni ile ile. Njia inakata mito kwenye madaraja ya kamba za chuma yamefungwa vitambaa vya sala vya rangi, bluu nyeupe nyekundu kijani njano, dzo wakipita unasubiri upande wako manake wawili hampishani na ukikaa upande wa bondeni wanakusukuma. Mwalimu alisema hilo asubuhi, kaeni upande wa mlima wanyama wakipita, na mchana tumeona kwa nini.

Daraja la mwisho liko juu ya mto Prek, baada ya hapo njia inasimama. Hakuna tena tambarare, ni kupanda tu mpaka Bakhim halafu Tshokha, mita 3,050. Hapo ndo nimeona wabeba mizigo wa kule wanavyobeba, mkanda mpana unapita kwenye paji la uso na mzigo wote unakaa mgongoni, mkanda wenyewe wanauita namlo. Kwetu mgumu anaweka kichwani au shingoni. Akina mama wa Kikuyu ndo nimewaona wakibeba kuni kwa mkanda wa kichwani namna hiyo. Mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu, alikaa kupumzika karibu yangu, nikamuomba nijaribu namlo yake, akanifunga, akanirekebishia shingo kwa mkono wake, nikatembea hatua kama thelathini. Shingo inafanya kazi yote. Akauliza kwa ishara mi ni nani, nikamchorea mlima hewani kwa mikono nikajionesha mzigo kichwani. Akaelewa palepale, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Miti ya rododendroni ilikuwa imechanua, nyekundu na pinki mlima mzima. Sijui niielezeje. Nilikaa chini ya mmoja mpaka filimbi ya chakula. Wali na dengu na viazi, roti ambayo ni chapati nyembamba isiyo na mafuta. Ugali nimeukumbuka leo kwa mara ya kwanza.

Siku ya 9, Tshokha mpaka Dzongri

Hii siku naiandika kwa urefu kwa sababu nimekosea na nataka viongozi wenzangu wasome.

Njia ya mpaka Phedang imewekwa magogo juu ya tope, unapanda ngazi za mbao ndani ya rododendroni, halafu baada ya Phedang miti inapungua inakuwa vichaka. Dzongri iko mita 4,030 hivi, juu kidogo ya kambi ya Barranco, na tulikuwa tunapanda karibu mita 1,000 kwa siku moja na mzigo mgongoni. Mimi moyoni nilishajiambia urefu huo si kitu, nimefika mita 5,895 mara zaidi ya mia. Nikatembea haraka. Sikunywa maji ya kutosha. Mgeni wangu angefanya hivyo ningemsimamisha.

Phedang kichwa kimeanza kuuma, nyuma ya macho. Nikanyamaza. Mwalimu akapita akiuliza mmoja mmoja, kichwa, tumbo, usingizi, nikamjibu niko sawa. Maneno hayo nimeyasikia kwa wageni miaka kumi, yule anayesema niko sawa huku anaangalia chini, na najua kabisa maana yake. Kumbe mwili hautunzi urefu, ukikaa Moshi wiki sita kwenye mita 900 unaanza upya kama mtu mwingine yeyote, hata uwe umepanda mara ngapi.

Aliyenishika ni kijana wa Kerala. Tumefika kambini nikashindwa kula, akaniangalia akaniambia, "Bhai, utamwambia wewe au nimwambie mimi." Bhai ni kaka. Nikaenda mwenyewe. Mwalimu hakugomba, akanipima kwa oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, akanikalisha, maji ya moto na chumvi na sukari lita nzima kidogo kidogo, akasema usilale sasa hivi, tembea taratibu hapa nje, na akaja kuniangalia saa nne usiku na saa tisa. Ile ya saa tisa ndo imenigusa. Baridi ilikuwa kali, hema limeganda barafu, na mtu mzima ametoka kwenye joto lake kuja kunimulika tochi na kuniuliza jina langu na leo ni siku gani.

Asubuhi kichwa kilikuwa kimeachia.

Siku ya 10, Dzongri, kupumzika

Kupumzika maana yake kupanda juu ulale chini. Saa kumi usiku tumepanda kilima cha Dzongri, kama mita 4,170, tukasubiri jua. Kwanza giza, halafu mstari mwekundu, halafu Kangchenjunga ikatokea, mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani, na kulia Pandim, na nyingine nyingi ambazo sikushika majina. Hakuna aliyeongea. Kijana wa Kerala alikuwa analia na mi sikuona ajabu.

Mwalimu akatusimulia kwamba kwa watu wa Sikkim Kangchenjunga ni mtakatifu, na Waingereza wa kwanza kuupanda, Joe Brown na George Band, tarehe 25 Mei 1955, walisimama hatua chache chini ya ncha kwa sababu walishamuahidi mfalme wa Sikkim kwamba hawataikanyaga. Na waliofuata wengi wameheshimu hivyo hivyo. Nikamkumbuka bibi yangu. Yeye Kibo hajawahi kupanda na hakutaka, lakini kila asubuhi akitoka nje kitu cha kwanza anaiangalia, ikiwa wazi anaisalimia kama mtu, halafu anaenda kuangalia maji kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia shamba. Nilipoanza kazi ya mlima aliniuliza swali moja tu, "Huko juu barafu bado ipo?" Nikamwambia ipo bibi. Alifariki miaka mingi iliyopita. Tangu mwaka 1912 mpaka sasa Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na angeniuliza leo sijui ningemjibu kwa sauti gani.

Siku ya 11, Dzongri mpaka kambi kuu

Leo tumetembea taratibu na nimekunywa lita tatu. Njia inashuka kwanza kwenye nyasi za njano na vichaka vya mreteni, inafuata bonde la mto Rathong, tunapita Bikbari, halafu vifusi vya mawe vinaanza, na mwisho unaziona paa za vibanda. Chaurikhang. Kambi kuu ya chuo, kama mita 4,450, chini kidogo tu ya Kambi ya Barafu ya kwetu. Kabru iko pale, Rathong iko pale, Koktang, mtu unageuza shingo tu.

Chini ya milima ndo mto wa barafu wenyewe. Nilitegemea kuona nyeupe, nikaona kijivu, mawe na vumbi vimelalia juu, ukitazama haraka unadhani ni machimbo ya kokoto. Ila usiku kambi ikitulia unausikia. Inalia kama mti mkubwa unaokatika mbali. Na chini ya hayo maji yanatembea, hayakati, usiku kucha.

Siku ya 12, barafu

Tumevuka vifusi muda mrefu mpaka kwenye barafu safi, bluu, ngumu kama sakafu. Kufunga kramponi kwanza tumekaguliwa mmoja mmoja, mkanda ukilegea kidogo unarudia. Kutembea ni kukanyaga mguu wote bapa, miiba yote iingie kwa pamoja, magoti yakae mbali usijikanyage suruali, na mwili ukae wima, woga unakuambia uinamie mlima na ukiinama ndo unateleza. Kwenye mteremko mkali zaidi mtu anapiga ncha za mbele mbili, anasimama juu yake kama anasimama kwenye misumari.

Mchana mwalimu akatuonesha kukata ngazi kwa sululu, mtindo wa kizamani, akasema lazima mjue ikitokea kramponi imevunjika. Kila mtu akate yake. Nikapiga, vipande vikaruka usoni, nikapiga tena, na kichwani nilikuwa Kibo. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni kwa kukata ngazi hivi hivi kwenye barafu iliyokuwa imefika mpaka ukingoni mwa kreta. Sasa hivi wageni wa Marangu wanafika ukingo ule kwa kupanda vumbi na kokoto usiku, barafu wanaikuta kando huko, vipande vimebaki vimesimama peke yake. Nilikata ngazi kumi na moja. Mwalimu akazipanda zote bila kramponi, akafika juu akageuka, akasema ya sita ifanye pana zaidi.

Siku ya 13

Theluji imeanguka toka usiku, tumebaki ndani, mafundo na nadharia ya kumtoa mtu aliyetumbukia kwenye ufa wa barafu. Nimeandika kurasa tisa.

Siku ya 14

Kwenye mteremko wa theluji chini ya barafu, zoezi la kumzuia mwenzako. Mnafungwa kwa kamba, wa mbele anatembea, bila kusema lolote anajiachia, na wewe una sekunde moja. Sululu chini ya bega, kifua juu yake, uzito wote uwe pale, miguu ichimbe. Tulifanya kwanza mmoja mmoja mara nyingi mpaka nguo zote zimelowa, halafu tukafungwa wawili wawili, na mi nikafungwa na kijana wa Kerala, yeye mbele.

Alitembea hatua nyingi sana. Nilikuwa naangalia kamba, sikuangalia mgongo wake, kamba ikae ilegee kidogo ila isiburuze, kama tulivyofundishwa. Kisha akaenda. Nilisikia theluji kabla sijaona, na nilikuwa chini tayari, kifua juu ya sululu, uso kwenye theluji, ikavuta kiunoni kwa nguvu, ikaniburuza kama nusu mita, ikashika.

Kimya kidogo. Halafu kutoka chini nasikia sauti yake, "Thik hai?", yaani iko sawa?

Nikamjibu kwa Kiswahili, "Nimekushika."